Tofali Lisiloijua Mvua

Nchi ninayoieleza hapa haipo, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuchungulia dirishani kuitafuta. Iko mbali sana. Upande mmoja ina bahari, upande wa pili vilima. Jua lake linachoma, mvua zake zikishika haziachii, na upepo wake wa pwani una chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Watu wake ni wapole na viongozi wake wana shahada. Mimi nilikuwa Afisa Habari katika Wizara ya Majengo na Uimara, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wananchi, kwa lugha laini, kwa nini jengo fulani limeanguka.

Sikuwahi kukosa kazi. Masika yakianza nilikuwa sili chakula cha mchana nikamaliza.

Nakumbuka Shule ya Fahari ya Taifa. Ukuta wa darasa la nne ulimwangukia mwalimu Chogo asubuhi akiwa anafuta ubao, watoto wakiwa bado paredi. Nilipofika walikuwa wameshamtoa na kumfunika shuka. Niliokota kipande cha tofali nikakiminya, kikalainika kama andazi lililochovywa kwenye chai, na maji ya matope yakanichuruzika kati ya vidole. Nondo zilizochomoza ukutani zilikuwa zimeliwa na kutu, maana mchanga ulichotwa ufukweni na chumvi yake yote ukachanganywa hivyohivyo. Nilinawa mikono bombani, nikanawa tena, na harufu ya yale matope ikabaki puani mpaka jioni.

Tume ya uchunguzi ilikaa na kumaliza kazi kabla chai yao haijapoa. Ilibaini kwamba marehemu alikuwa ameegemea ukuta. Mjane wake aliitwa wizarani, akakalishwa kwenye kiti kizuri, akaonywa asiwalee watoto wake katika tabia ya kuegemea mali ya umma. Taarifa niliiandika mimi, na niliiandika vizuri.

Labda utauliza, ndugu msomaji, kama nchi hiyo haikuwa na wataalamu wa kupima vifaa vya ujenzi. Tulikuwa nao, tena wa hali ya juu! Tulikuwa na Maabara ya Taifa ya Uimara, chini ya Profesa Mtambalike, mtu aliyesoma mpaka miwani yake ikawa mizito kumshinda. Maabara ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, ndani ya chumba chenye zulia, mapazia mazito na kiyoyozi kinachovuma mchana na usiku. Katikati ya chumba, juu ya mto wa mahameli, lilikaa Tofali la Mfano.

Tofali hilo lilifinyangwa mwaka tuliopata uhuru. Kila asubuhi Profesa aliliondolea kitambaa, akalizunguka taratibu, akatamka, "Lipo." Wasaidizi wake waliovaa makoti meupe wakaitikia, "Lipo." Huo ndio ulikuwa upimaji. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha bati, kipande cha mbao na kopo la rangi, navyo vilipimwa kwa utaratibu huohuo. Vyote vilikuwa vinang'aa.

Siku moja nilijisahau nikauliza, "Profesa, hili tofali halijawahi kutolewa nje likapimwa huko?"

"Nje?" Profesa aliniangalia kama niliyemtukania mama. "Huko nje kuna jua, bwana mdogo. Kuna mvua. Kuna upepo wa chumvi. Unataka liharibike?"

Nilimwomba radhi.

Halikuwa tofali la kukaa tu. Ilikuwa desturi ya nchi kwamba jengo lolote la serikali haliwezi kutumika mpaka Tofali la Mfano liletwe lilione. Lilikuja ndani ya gari lililofungwa vioo, likashushwa chini ya mwavuli mkubwa, bendi ikapiga, viongozi wakalipigia saluti, kisha likarudishwa haraka kwenye kiyoyozi kabla jua halijapanda. Na jengo likishaonwa na Tofali, hakuna ruhusa ya kulihama bila neno la Waziri mwenyewe, kwa sababu kulihama ni kusema Tofali halikuona vizuri.

Baada ya msiba wa mwalimu Chogo watu walianza kunung'unika. Waziri wetu, Mheshimiwa Badru Kinyogoli, alipanda jukwaani kuwatuliza. Alikuwa mtu wa sauti nzito, na alipenda kusubiri makofi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Vifaa vyetu vimepimwa kisayansi. Havina kosa. Nauliza sasa, kama vifaa havina kosa, mkandarasi hana kosa, na Wizara, kama mnavyojua, haijawahi kuwa na kosa, kosa linabaki kwa nani?"

Mtu mmoja alikohoa akaondolewa.

"Linabaki kwa hewa!" alinguruma Waziri. "Tofali letu ni zuri, isipokuwa linanyeshewa. Bati letu ni zuri, isipokuwa linapigwa na upepo wa chumvi. Je, hilo ni kosa la bati? Kuanzia leo nchi hii inayo Hali ya Hewa Rasmi. Nayo ni kavu, ya wastani, yenye jua la asubuhi na upepo mwanana usiozidi wa kupepea kuku kwenye jiko. Majengo yote yatajengwa kwa kufuata hali hiyo. Mvua itakayonyesha kinyume chake itahesabika imeingia nchini bila kibali!"

Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma, na wakati tunapiga ikaanza kunyesha. Hakuna aliyekimbia. Mheshimiwa aliendelea na hotuba huku mlinzi wake akimshikia mwavuli, ambao kuanzia siku ile uliitwa kivuli cha heshima. Redioni, msomaji wa taarifa ya hali ya hewa alisema anga ni kavu kote nchini, na nyuma ya sauti yake tulisikia maji yakidondokea kwenye sufuria. Watu walizoea. Ungemkuta mtu anakamua shati lake barabarani, umsalimie, akujibu kwamba jua la leo ni kali mno. Binadamu anazoea uchafu wowote ukimpa muda. Nasema hivyo kwa sababu nami nilizoea.

Sasa nifike kwenye wodi ya wazazi.

Hospitali ya mji wetu ilikuwa na wodi ya zamani ya mawe na chokaa, yenye kuta nene na baraza pana, ambayo hata bibi zetu walizaliwa humo. Wizara iliibomoa. Sababu ilikuwa kwamba kwa kukataa kwake kuanguka ilikuwa inayadharau majengo mapya. Mahali pake pakajengwa wodi ya kisasa, ya matofali mabichi yaliyopakwa plasta na kupigwa rangi ya waridi, bati jembamba kiasi kwamba njiwa akitua juu mgonjwa anajua kama ni dume au jike. Tofali la Mfano lilikuja likaiona. Waziri alisimama mlangoni akasema, "Wodi hii itadumu kuliko ninyi nyote mliomo humu." Mimi niliandika maneno hayo kwa herufi kubwa.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa Bi Zamoyoni, mama wa makamo mwenye sauti ya kukemea na mikono iliyopokea nusu ya mji. Masika yalipokolea alinijia ofisini, viatu vyake vikitoa maji kila anapokanyaga.

"Mwanangu," aliniambia, "ukuta wangu unatokwa jasho."

"Bi Zamoyoni, shikamoo. Lakini rasmi ni ukavu."

"Marahaba. Na usiniletee rasmi hapa. Nimebonyeza ukuta kwa dole gumba, dole limezama lote. Nina wazazi wanalala wawili wawili kitanda kimoja, nina vichanga wana kifua kwa ajili ya ukungu. Yule Sikitu, mwenye mapacha, dari ya juu ya kitanda chake imefura kuliko alivyofura yeye alipoletwa. Mimi sitaki makubwa. Nataka Waziri aseme neno moja, niwatoe wale watu kabla jengo halijawaangukia. Utanipeleka au hunipeleki?"

Nilitaka kumwambia aandike barua. Kisha nikamkumbuka mwalimu Chogo chini ya shuka, na mjane wake kwenye kile kiti kizuri, nikachukua koti langu.

Sikuwahi kufika nyumbani kwa Waziri kabla ya siku ile. Nyumba ilikuwa kilimani, na tulipofika getini nilisimama kwenye mvua nikaitazama kama mshamba. Msingi wake ulikuwa umeinuliwa kwa mawe ya kuchonga, juu kabisa ya ardhi, maji yakipita chini bila kuugusa. Paa lilikuwa la vigae, limetokeza nje ya kuta kiasi kwamba tone halifiki dirishani. Mifereji mizuri ilipokea maji ya paa na kuyashusha kwa mabomba hadi kwenye tangi. Nguzo za mbao zilinuka dawa ya mchwa. Nilipapasa ukuta: mkavu, mgumu, baridi. Hapakuwa na hata doa la ukungu la ukubwa wa ukucha. Barazani ungeweza kulaza kijiji.

Mheshimiwa alitupokea sebuleni akiwa na begi la safari miguuni, maana mchana ule alikuwa anakwenda bara kuzindua daraja.

"Futeni miguu," alisema. "Mnanilowanishia zulia."

"Kwa maji gani, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Zamoyoni.

Waziri alijifanya hakusikia. Mimi, kwa kutaka kupoza mambo, nikaisifu nyumba. "Mheshimiwa, mifereji hii ni mizuri sana."

"Urembo tu."

"Na msingi huu mrefu?"

"Mke wangu anapenda kuona mbali." Akamgeukia Bi Zamoyoni. "Haya mama, sema shida yako."

"Naomba ruhusa ya kuihama wodi, baba. Itaanguka."

"Kwa sababu gani?"

"Mvua."

Wakati huo mvua ilikuwa inapiga vigae kwa kishindo, na Waziri alilazimika kupaza sauti ili asikike. "Mvua ipi?" alipiga kelele. "Nakuuliza, mvua ipi?"

Bi Zamoyoni alinyoosha kidole dirishani. Waziri hakugeuka kutazama.

"Mama, nakuheshimu. Umewapokea hata wanangu walipozaliwa. Lakini ukisema ukuta umelowa, umesema Tofali ni la uongo. Na ukisema Tofali ni la uongo, unamsema nani? Rudi kazini. Wape wazazi chai."

Hapo ndipo roho iliponichafuka, na nitasema wazi ilivyonichafuka. Miaka yote nilikuwa nimewahesabu wakubwa zangu kuwa wajinga, na ilikuwa faraja kubwa, kwa sababu mjinga unamsamehe. Kumbe huyu bwana alikuwa anaijua mvua! Aliijua kuliko sisi sote. Alijua inapotokea, inapopita, inapopenyeza. Alijua chumvi inavyokula nondo na mchwa anavyokula mbao. Alikuwa ameijengea nyumba yake ngao dhidi ya kila kimoja, kisha akashuka mjini kutuambia havipo. Nilitazama mdomo wake ukitamka neno "rasmi" na nikaona kinyaa kama cha mtu aliyekuta unywele mrefu kwenye chakula alichokwisha kula nusu.

Tulipotoka, Bi Zamoyoni alisimama barazani kidogo. Aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mama anayekadiria mahali pa kutandika mikeka.

"Pana nafasi," alisema.

Gari la Waziri lilipopita njia ya bara, msafara mwingine ulikuwa umeanza kutoka hospitalini. Wauguzi walisukuma vitanda vya magurudumu kwenye matope. Wazazi walioweza kutembea walitembea chini ya turubai moja kubwa, vichanga wamewafunga kifuani kwa khanga. Sikitu alibeba pacha mmoja, nami nikapewa wa pili, nikajifunza siku ile jinsi mtoto mchanga alivyo mwepesi na jinsi anavyotisha. Mlinzi wa getini kwa Waziri alituzuia kwa kirungu.

"Mna ruhusa ya Mheshimiwa?"

"Mheshimiwa ametuambia tufute miguu," alijibu Bi Zamoyoni. "Tandika gunia, mwanangu, tufute."

Mlinzi aliwatazama wale vichanga, akaenda kutafuta gunia.

Wodi ilianguka alasiri ileile. Sikuisikia ikivuma wala kupasuka. Waliokuwepo wanasema dari ilishuka kwanza juu ya kitanda cha Sikitu, kisha kuta zikakaa chini polepole kama mtu aliyechoka kusimama, na rangi ya waridi ikatiririka mpaka barabarani. Kitanda kilichimbuliwa siku ya pili. Kilikuwa kimekunjwa katikati.

Mtu mwingine angedhani serikali itamshukuru Bi Zamoyoni. Mtu huyo hajaishi katika nchi ninayoieleza. Waziri aliporudi alikuta nepi zimeanikwa kwenye ule urembo wake wa mifereji, na kwenye kochi lake mama mmoja ananyonyesha. Alikwenda moja kwa moja kupiga simu polisi.

Mashtaka yalikuwa ya kitaalamu: kuliondolea jengo la serikali uzito uliokuwa ukilishikilia. Profesa Mtambalike alitoa ushahidi kwa saa nzima. Alieleza kwamba jengo la kisasa husimama kwa imani ya waliomo, na kwamba wagonjwa walipoondoka na imani yao, kuta zilibaki hazina sababu ya kuendelea. Aliagiza Tofali la Mfano liletwe mahakamani kama shahidi. Kwa bahati mbaya, mlangoni upepo uliupindua ule mwavuli. Profesa alijirusha juu ya Tofali kwa mwili wake wote, lakini alikuwa mwembamba. Waliliingiza ndani likiwa limefungiwa kwenye sanduku, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Tulilipigia saluti sanduku. Askari aliyelibeba alijitahidi asilitikise, maana lilikuwa linasikika kama debe lenye maji nusu.

Mimi niliitwa shahidi wa mwisho. Mwendesha mashtaka aliniuliza swali moja, kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Bwana Afisa Habari, siku ile ilikuwa inanyesha?"

Nilimwangalia Bi Zamoyoni kizimbani. Nikamwangalia Waziri aliyekaa safu ya mbele, viatu vyake vikavu.

"Ilikuwa inanyesha," nilisema. "Na sasa hivi inanyesha ndani humu, juu ya kichwa cha mheshimiwa hakimu."

Hakimu alijifuta paji la uso, akasogeza kiti chake pembeni ya lile tone, akaamuru ushahidi wangu ufutwe. Nilifukuzwa kazi palepale, nikavuliwa beji. Bi Zamoyoni alihukumiwa kifungo mpaka hapo mvua aliyodai kuwa ilinyesha itakapothibitishwa na Wizara. Tulioijua Wizara tulielewa kwamba ni kifungo cha maisha. Sikitu alipiga ukelele akatolewa nje pamoja na watoto wake.

Walimpeleka kwenye gereza jipya nje ya mji. Nilikwenda kumtazama, askari wakaniwekea mkono kifuani wakanirudisha. Kisha masika yakaisha, jua likawaka, na kwa mara ya kwanza hali ya hewa ikawa rasmi kweli. Wizara ilifanya sherehe. Nilikaa nyumbani bila kazi, nikiona chuki ikinipanda kila nikifungua redio, na sikuwa na la kufanya na chuki hiyo.

Wenye la kufanya walikuwa wengine. Asubuhi moja Sikitu alitokea nje ya gereza, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na ndoo ya maji kichwani. Nyuma yake walikuja wazazi wote wa ile wodi, kila mmoja na ndoo yake. Walipanga mstari kutoka kisimani, wakaanza kumwagia maji ukuta wa nyuma wa gereza, taratibu, wakiusugua kwa makumbi ya nazi.

Mkuu wa gereza alitoka mbio. "Mnafanya nini nyie?"

"Tunaosha ukuta wa serikali, baba," alisema Sikitu. "Una vumbi."

"Acheni mara moja!"

"Kwa nini, baba? Maji yatauharibu?"

Mkuu wa gereza alirudi ndani akampigia simu Waziri. Gereza lile lilikuwa limejengwa kwa matofali yaleyale, likaonwa na Tofali lilelile, na katika nchi nzima hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kutamka kwamba ukuta huo unaogopa ndoo ya mwanamke. Waziri alijibu kwamba wananchi wana haki ya kudumisha usafi. Redio ikawapongeza.

Wakaosha kesho yake. Wakaosha na kesho kutwa. Nami nilikwenda na ndoo yangu, na nakiri sijawahi kufanya kazi ya serikali kwa moyo kama ule. Plasta ilivimba, ikababuka, ikadondoka kwa mabonge, na nyuma yake tofali likaanza kuyeyuka. Askari wa zamu walitazama upande mwingine, kwa sababu mpasuko haukuwa rasmi. Asubuhi ya Ijumaa ukuta ulikaa chini. Vumbi halikuruka, maana hapakuwa na kitu kikavu. Bi Zamoyoni aliinua pindo la gauni lake la kifungo, akavuka matope, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amewaleta watoto juani bila kofia?" aliuliza.

Serikali haijamtafuta mpaka leo. Haiwezi. Kwa mujibu wa Wizara ukuta ule umesimama imara, na mtu hawezi kutoka kwenye ukuta uliosimama imara; kwa hiyo yumo ndani, na kila mwisho wa mwezi hutajwa kuwa mfungwa mtiifu. Anazalisha wazazi mtaa wa pili kutoka kwangu, kwenye nyumba ya mawe ya marehemu baba yake. Juzi aliletwa mke wa mkuu wa gereza, uchungu umemshika vibaya, na mumewe akakaa nje kwenye benchi mpaka aliposikia mtoto amelia. Alimshika Bi Zamoyoni mikono yote miwili, akamshukuru huku machozi yakimtoka. Kisha akavaa kofia yake, akarudi kazini kumlinda.